Jina la marehemu kwenye denier ya Melle
Mjini Melle, katika Poitou ya Ufaransa, palikuwa na migodi ya fedha. Denier zake (denier na dinari yetu ni ndugu, mama yao denarius ya Kilatini) ziliandikwa CARLVS REX, “Mfalme Charles”. Charles le Chauve, aliyezitoa, alikufa mwaka 877. Lakini mabwana wa Poitou waliendelea kuligonga jina hilo hadi karne ya 12. Mbona hawakuweka la kwao? Sokoni wengi hawakujua kusoma, walitambua umbo. Herufi mpya zingeleta shaka. Jina likaacha kumtaja mtu, likawa alama ya thamani tu. Na tuseme wazi, alama yenyewe ilidanganya: madini ya fedha yalizidi kupungua ndani ya sarafu, Charles akabaki juu yake.