Darsa: Tabianchi Ilibadilika Kabla Yetu. Je, Hilo Latuondolea Dhamana?



Katika darsa zetu za jioni hapa chuoni, kila mazungumzo yakigusa ukame au mafuriko, huzuka hoja moja isiyokosa mtetezi. Husemwa hivi: hali ya hewa ya dunia haijawahi kutulia, Allah (S.W.) huigeuza apendavyo, na Mtume (S.A.W.) ametueleza katika hadithi iliyomo ndani ya Sahih Muslim kwamba Kiyama hakitasimama mpaka ardhi ya Waarabu irudi kuwa ya malisho na mito. Basi mwanadamu anaingiaje hapo?

Nimeona tuisome hoja hii kwa utulivu, kwa sababu nusu yake ni kweli tupu. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si jiografia, lakini tunafundishwa katika usuli kwamba huwezi kutoa hukumu juu ya jambo usilolielewa.

Tuanze nyumbani. Ziwa Victoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale, liliwahi kukauka. Watafiti waliotoboa tope la chini ya ziwa walikuta, chini ya matabaka ya tope, udongo wa nchi kavu wenye vijizizi vya nyasi. Yaani miaka 17,000 hivi iliyopita, pale wanapovua sangara leo palikuwa mbuga. Maji yakarudi kiasi cha miaka 15,000 iliyopita. Hapakuwa na kiwanda Jinja wala bodaboda Kampala. Katika zama hizohizo za barafu, barafu ya milima ya Rwenzori iliteremka hadi kwenye mita 2,000 na kidogo. Marundo ya mawe iliyoyasukuma bado yapo karibu na ziwa dogo la Mahoma, ndani ya msitu.

Sababu kubwa iko angani. Dunia huyumba inapojizungusha, kama pia inayokaribia kuanguka, na mduara mmoja wa kuyumba huko huchukua miaka 26,000 hivi. Mhimili wake nao huinama na kuinuka kati ya nyuzi 22 na 24 na nusu kila miaka 41,000, na njia yake ya kulizunguka jua hubadilika umbo kwa kipindi cha miaka 100,000 hivi. Mserbia Milutin Milanković alizipiga hesabu hizi kwa mkono kwa miaka mingi, nyingine akiwa kizuizini Budapest wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Matokeo yake ni haya. Leo dunia hulikaribia jua zaidi mwezi wa Januari. Miaka 10,000 iliyopita ililikaribia wakati wa kiangazi cha kaskazini. Nchi kavu ikapata joto zaidi, pepo za msimu zikavuta mvua nyingi kutoka baharini, Sahara ikaota nyasi, na sehemu za Bara Arabu vilevile. (Neno letu msimu ndilo mawsim la Kiarabu, na Wazungu nao walilichukua kuziita pepo hizo.) Wala haikuwa mara ya kwanza. Katika jangwa la Nefud, kaskazini mwa Saudi Arabia, imechimbuliwa mifupa ya kiboko pamoja na mfupa wa kidole cha mtu aliyeishi pale yapata miaka 85,000 iliyopita. Kiboko, mnyama asiyeweza kuishi mbali na maji!

Anayejua Kiarabu atakumbuka kuwa kitenzi kilichomo katika hadithi ile ni ta'uda, yaani itarudi. Neno hili limenigusa, ingawa siupendi mtindo wa kuikimbiza hadithi nyuma ya kila habari ya sayansi. Lakini jambo kutabiriwa si ruhusa ya kulitenda. Mtume (S.A.W.) ametabiri pia kwamba kabla ya Kiyama mauaji yatakithiri. Sijasikia kadhi aliyemwachia huru muuaji kwa kuwa alikuwa anaitimiza hadithi.

Sababu nyingine ya kimaumbile ni volkeno, na hapa kuna kisa kinachoyahusu maji ya Nile. Mwezi wa Juni 1783, huko Laki, Iceland, ardhi ilipasuka ikamwaga moto kwa miezi minane. Gesi ya salfa iligeuka ukungu ulioyarudisha mionzi ya jua huko juu. Nchi za kaskazini zikapoa, pepo za msimu zikalegea, mvua ikapungua katika milima ya Ethiopia, na Nile ikashindwa kufurika. Misri ikaingia katika njaa. Msafiri wa Kifaransa, Volney, aliyekuwako huko, aliandika kwamba kufikia mwanzo wa 1785 nchi ilikuwa imepoteza mtu mmoja katika kila sita, kwa kufa au kuhama. Kipimo cha maji cha kisiwa cha Rawda, Cairo, kilichojengwa mwaka 861 wakati wa Bani Abbas, kiliweza kuonyesha kina cha mto, lakini kipimo hakisemi sababu. Nani angewaza kwamba mkulima wa Misri analala njaa kwa moto uliowaka Iceland?

Basi dunia hubadilika yenyewe, na inapobadilika watu hufa. Sasa tuje nusu ya pili ya hoja, kwamba na haya ya leo ni yaleyale. Hapa hoja inavunjika, na wanaoivunja ni haohao waliozichunguza sababu za kimaumbile.

Tuzipime. Volkeno kubwa hupoza: Pinatubo ya Ufilipino, mwaka 1991, ilishusha joto la dunia kwa karibu nusu nyuzi kwa mwaka mmoja au miwili, kisha basi. Na ukichukua volkeno zote, hata Nyiragongo ya jirani zetu wa Goma, hewa ukaa zinayotoa kwa mwaka haifiki asilimia 1 ya ile tunayotoa wanadamu. Jua nalo limepimwa kwa satelaiti tangu 1978. Hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, lakini halijaongezeka ukali. Isitoshe, lingekuwa jua, tabaka za juu za anga nazo zingepata joto; badala yake zinapoa. Kuyumba kwa dunia ni kwa polepole mno: kutoka zama za barafu joto lilipanda nyuzi 5 hivi kwa muda wa miaka 10,000, ilhali sisi tumeona zaidi ya nyuzi 1 kwa miaka 150.

Kisha kuna viputo vya hewa ya kale vilivyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika. Kwa miaka 800,000 hewa ukaa haikuzidi sehemu 300 hivi katika milioni. Leo imepita 420. Na ina alama ya mwenyewe: kaboni iliyotoka katika mimea, na ndiyo asili ya makaa ya mawe na mafuta, ina upungufu wa kaboni-13, lakini ile ya volkeno haina upungufu huo. Hewa ya leo inazidi kupungukiwa na kaboni-13. Katika fiqhi tungeiita qarina, na ni qarina nzito.

Mvua huangusha kuta tangu zamani. Lakini mtu akichimba mchanga chini ya ukuta wa jirani, kisha mvua ikauangusha, mafaqihi hawamwachii eti mvua ni qadari. Ni msababishaji aliyevuka mpaka, na dhamana iko juu yake.

Atauliza mtu: Afrika nzima haitoi hata asilimia 5 ya hewa ukaa, mbona tunahubiriwa sisi? Swali ni halali. Aya ya 41 ya Surat Ar-Rum inautaja ufisadi wa bara na bahari na kuunasibisha na yaliyochumwa na mikono ya watu, na mikono hiyo hailingani uzito. Kwa sababu hiyohiyo naiona hoja ya "ni maumbile tu" kuwa na hasara kwetu kuliko kwa mtu mwingine yeyote, maana inawasamehe wadaiwa wakubwa kabla hata hawajaomba. Barafu ya Rwenzori ilipochorwa ramani mwaka 1906 ilikuwa kiasi cha kilomita za mraba 7. Leo haifiki hata moja. Anayewaambia Wakonzo wa Kasese kwamba ni maumbile, awatajie ni lipi kati ya hayo niliyoyapima.

Wabillahi tawfiq.