Kuchagua Kiungio cha Tela la Pikipiki

Mnaosoma fizikia mtaona kwamba habari hii ni yenu. Na sisi tuliokwisha maliza shule, huenda mmoja wetu akanunua pikipiki kubwa ya safari akataka kuvuta mizigo nyuma yake. Mimi nakaa Uingereza, na kila mwaka wakati wa joto mimi na mke wangu husafiri kwa pikipiki, hema na vyombo vya kupikia vikiwa ndani ya tela dogo la magurudumu mawili. Kwetu mkungu wa ndizi hufungwa juu ya pikipiki yenyewe, safari ikaanza. Huku wako wapendao kuvuta. Kuchagua tela si kazi ngumu. Kazi ni kuchagua kile chuma kidogo kinacholishika.

Motokaa ikipita kwenye kona haiinami sana, lakini pikipiki lazima ilale upande. Tela la magurudumu mawili nalo halilali. Basi kiungio kilicho kati yao hapana budi kiruhusu miendo mitatu: kwenda kushoto na kulia, kupanda na kushuka, na kujizungusha kama kitasa cha mlango. Mwendo huo wa tatu ndio wengi wausahauo.

Pikipiki hulala kiasi gani? Chukua mwendo wako kwa mita katika sekunde, uuzidishe kwa wenyewe, kisha ugawanye kwa nusu-kipenyo cha kona mara 9.8. Jibu ni tanjiti ya pembe ya kulala. Kona yenye nusu-kipenyo cha mita 40, kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, yatupa 0.49, yaani digrii 26 hivi. Ongeza mwendo uwe kilometa 60, pembe yawa digrii 35. Kilometa kumi tu!

Sasa kitazameni kiungio cha kawaida cha motokaa: tufe la chuma lenye shingo, na kikombe cha kulifunika. Kikombe huzunguka kidogo, kisha ukingo wake hugonga shingo. Motokaa haijali. Lakini pikipiki ikitaka kulala zaidi ya hapo, tela huizuia katikati ya kona, au gurudumu moja la tela huinuka. Kwa hiyo viko viungio vyenye beringi katika mkono wa tela, vinavyoweza kuzunguka duara nzima. Bei yake ni kubwa zaidi, nami nilisitasita. Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Na pikipiki ikianguka?" Ikianguka na kiungio cha kawaida, huenda ikalipindua tela pamoja nayo, au mkono wa tela ukaisukuma pikipiki vibaya; kwa chenye beringi, pikipiki yaweza kulala chini na tela likabaki limesimama. Tulinunua chenye beringi.

Ukipewa kiungio usichokijua, kipime. Kifunge kwenye tufe, uuzungushe mkono wa tela kwa taratibu mpaka ugome, kisha pima pembe kwa protrakta. Kikigoma kabla ya pembe ya kona zako, kiache. (Tela la gurudumu moja ni habari nyingine kabisa: lenyewe lapaswa kulala pamoja na pikipiki, hivyo kiungio chake kisikubali kuzunguka namna hii.)

Angalia pia ukubwa. Ulaya tufe ni milimita 50. Marekani matela madogo mengi hutumia inchi 1⅞, yaani milimita 47.6. Kikombe cha 50 juu ya tufe la Kimarekani chaweza kuonekana kimefunga vizuri, kisha kikaruka kwenye shimo la kwanza.

Chuma cha kubeba tufe kifungwe kwa bolti kwenye fremu yenyewe, kisifungwe kwenye keria wala madigadi. Kabla ya hayo soma kitabu cha pikipiki, kwa maana viwanda vingine havikubali pikipiki zao zivute kitu.

Uzito nao una sheria. Uingereza tela pamoja na mizigo lisizidi kilo 150, wala theluthi mbili za uzito wa pikipiki, ile iliyo ndogo kati ya hizo. Pikipiki ya kilo 210, basi, mwisho wake ni 140. Mimi huweka karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela juu ya tufe, nikiupima kwa mizani ya watu. Ukipungua mno tela huyumba. Ukizidi, gurudumu la mbele la pikipiki huwa jepesi.

Mwisho ni minyororo miwili, ipishane chini ya mkono wa tela, ili kiungio kikifunguka mkono uangukie juu yake usichimbe barabara. Iwe mirefu ya kutosha kona kali, lakini isiburute chini.