Ukitaka Kuyaona Maua ya Ngong, Anzia Mtaroni Kawangware

Wengi hupanda Milima ya Ngong, wakapiga picha chini ya mitambo ya upepo, kisha wakateremka bila kuona hata ua moja. Maua yapo. Jicho ndilo halijazoezwa, na pa kulizoeza ni hapa hapa mtaani.

Anza na mukengeria, ule unaotambaa kando ya mitaro na nyuma ya mabati, chakula cha sungura. Toka mapema, kwa kuwa ua lake la buluu hufunguka asubuhi na kunyauka mchana. Chuchumaa ulitazame: petali mbili kubwa, ya tatu ndogo chini yake. Kisha ung'oe taratibu. Ukiwa ni ule ambao wataalamu huuita Commelina benghalensis, huenda ukakuta udongoni maua mengine yasiyofunguka kamwe, yanayozaa mbegu gizani. Ni sababu mojawapo inayoufanya umshinde mkulima mwenye jembe. Geukia kishona nguo nacho: kile unachokiita ua moja ni mkusanyiko wa vijiua vingi.

Sasa panga safari. Maua yetu hufuata mvua, kwa hiyo nenda mwishoni mwa Mei au Juni, masika yakiisha, au Desemba baada ya vuli. Juni beba sweta. Kutoka Kawangware fuata Naivasha Road hadi Dagoretti Corner, upande matatu nambari 111 hadi Ngong. Langoni utalipa kiingilio cha Shirika la Misitu, KFS. Msiende mmoja mmoja, nendeni kikundi.

Huko juu, punguza mwendo. Kilele cha Lamwia, mita 2,460, kitakusubiri. Chagua kipande cha nyasi cha upana wa leso, ukikague chote kabla ya kusogea. Mgongoni mwa mlima, penye upepo mkali, mimea mingi hubana chini kwenye nyasi, kwa hiyo inama. Makorongoni palipo na kinga, inua macho: mtambaazi wenye maua ya rangi ya chungwa na kitovu cheusi ni Thunbergia alata, mmea mrefu uliozungushiwa pete za maua ya chungwa ni Leonotis. Hapo simama kimya. Ndege chozi akifika kufyonza nekta, mfuate kwa macho, maana atakuonyesha maua uliyoyapita. Ukikuta ua jekundu lenye manjano, petali zimepinda kurudi nyuma, hilo ni Gloriosa. Waonyeshe watoto, lakini wasiliguse: mmea wote una sumu, hasa kiazi chake.

Unapopiga picha, piga ua, jani na mmea mzima. Ua peke yake mara nyingi halitoshi kuutambua mmea, hata ukiwa na kitabu cha Agnew cha mwaka 1974 kuhusu maua ya nyanda za juu za Kenya.

Mlimani usichume chochote. Mwachie mwenzako naye akute, na mmea upate kuzaa mbegu za msimu ujao.