SOMO LA WIKI: KUKU WETU, TUWACHINJE WENYEWE AU TUWAPELEKE KWA MCHINJAJI?

Katika vikundi vyetu vya ufugaji swali hili huulizwa mara kwa mara. Kuku wamekua, mnunuzi mjini anataka nyama safi, siyo kuku hai. Wengine husema, "Ya nini kumlipa mtu? Kisu tunacho, maji tunayo." Wengine husema, "Kila kazi na fundi wake." Leo tulipime jambo hili kwa hesabu na kwa afya.

Kuku wa kula nyumbani

Kuku mmoja wa kitoweo hana haja ya kupelekwa mbali. Lakini achinjwe kwa utaratibu. Asipewe chakula kwa saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinjwa. Maji aendelee kunywa. Utumbo ukiwa mtupu hauchafui nyama kwa urahisi. Kisu kiwe kikali ili kuku asiteseke, na damu iachwe itoke yote.

Maji ya kunyonyolea yawe ya moto sana, ila yasiwe yanatokota. Kuku akikaa katika maji yanayotokota ngozi huiva na kuchanika. Wakati wa kupasua, angalia nyongo. Ikipasuka, nyama huwa chungu. Maji yaliyotumika kunyonyolea yasitumike kuoshea nyama. Nawa mikono kwa sabuni, na usikatie mboga za kachumbari juu ya ubao uliokatia kuku mbichi. Nyama mbichi ya kuku huweza kuwa na vijidudu vya kuharisha, ndiyo maana hupikwa mpaka iive kabisa, hata karibu na mfupa.

Kuku wengi wa kuuza

Hapa mambo hubadilika. Chukua kalamu tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Nyinyi wekeni za kwenu.

Tuseme kikundi cha watu 5 kina kuku 100. Mchinjaji anataka shilingi 500 kwa kila kuku, yaani shilingi 50,000. Usafiri ni shilingi 15,000. Jumla ni shilingi 65,000.

Wakichinja wenyewe watanunua kuni, barafu, sabuni na mifuko kwa shilingi 25,000. Wameokoa shilingi 40,000. Kila mmoja atapata shilingi 8,000. Je, hiyo ni faida? Bado. Kama kuku mmoja huchukua dakika 15, kuku 100 ni dakika 1,500, sawa na saa 25. Kwa watu 5 ni saa 5 kila mmoja. Kwa hiyo zile shilingi 8,000 siyo zawadi, ni ujira wa saa 5 za jasho.

Sasa tuseme kuku 3 wameharibika kwa sababu barafu haikutosha, na kila mmoja bei yake ni shilingi 9,000. Hasara ni shilingi 27,000. Zimebaki shilingi 13,000, na mgao wa kila mtu ni shilingi 2,600. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni kila kitu, hata kuni za kuokota na maji ya kuchota, maana nayo ni kazi, na mara nyingi ni kazi ya akina mama.

Tena kumbukeni uzito. Kuku hai wa kilo 2, akishachinjwa na kusafishwa, hubaki takribani kilo moja na nusu au pungufu kidogo. Anayeuza kilo ya nyama kwa bei ya kilo ya kuku hai anajipunja mwenyewe.

Mnunuzi anataka nini?

Hoteli, shule na maduka hutaka nyama iliyokaguliwa. Kwa hiyo, kabla ya kuchinja kuku wa biashara, muulizeni Bwana Mifugo au Bibi Mifugo wa kata taratibu za ukaguzi. Wanunuzi wengi pia huuliza kuku kachinjwa na nani. Waislamu hula kuku aliyechinjwa kwa taratibu za dini yao. Mwelezeni mnunuzi ukweli. Akidanganywa mara moja harudi tena.

Jambo lisilo na mjadala

Mdondo unapoingia kijijini wapo wanaoharakisha kuchinja kuku wagonjwa na kuwauza rahisi. Ndugu, hiyo ni kuangamiza kijiji kizima. Damu, manyoya na utumbo wa kuku mgonjwa hupeleka ugonjwa kwa jirani. Kuku mgonjwa au aliyekufa asiuzwe wala asiliwe. Mizoga ichomwe au ifukiwe shimo refu, na mtaalamu aitwe. Dawa ya kweli ya mdondo ni chanjo kabla ugonjwa haujafika.

Vilevile matenga yanayorudi kutoka machinjioni yanaweza kurudi na ugonjwa. Yaoshwe kwa sabuni na kuanikwa juani kabla ya kufika bandani.

Na kama kuku wamepewa dawa, soma karatasi ya dawa. Imeandikwa usubiri siku ngapi kabla ya kuchinja. Zihesabu siku hizo kwenye kalenda. Kisomo chetu ni cha kazi kama hii.

Basi tuseme hivi: kuku wa nyumbani tuwachinje wenyewe, kwa usafi. Wachache wa kuuza tuwachinje alfajiri ikiwa ukaguzi upo, barafu ipo na mnunuzi yu tayari siku hiyo hiyo. Wakiwa wengi, na machinjio ya kuaminika yapo karibu, kumlipa fundi siyo kupoteza.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Kwenu mchinjaji hutoza shilingi ngapi kwa kuku mmoja? Usafiri je?
2. Kuku 40 wakichukua dakika 15 kila mmoja, ni saa ngapi za kazi?
3. Jirani akikuuzia kuku mgonjwa kwa bei rahisi, utamwambia nini?