Kulipa Kajaga: Dola au Faranga?

*Mheshimiwa Mhariri, nakusudia kupumzika Kajaga, Burundi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, lakini naambiwa dola ina bei mbili. Nilipe vipi nisipate hasara wala kuvunja sheria? Msafiri, Kigoma.*

Ndugu Msafiri, hofu yako ni ya haki. Benki Kuu ya Burundi, ambayo Mei 2023 iliishusha faranga kutoka takriban 2,090 hadi zaidi ya 2,800 kwa dola, ndiyo iwekayo bei rasmi. Lakini kwa kuwa fedha za kigeni ni adimu, bei ya sokoni imepanda mbali juu yake, ilhali kadi hukatwa kwa ile rasmi. Kwa mfano, kiwango rasmi kikiwa 2,800, mlo wa faranga 56,000 ukilipwa kwa kadi utakutoa dola 20 kamili.

Basi kabla ya kuagiza samaki wa mukeke, uliza bei ni ya dola au ya faranga, na kwa kiwango gani. Chukua noti safi za toleo jipya. Badilisha kidogo kidogo benki au katika duka lenye leseni, ukihifadhi stakabadhi. Anayekuita uchochoroni mbadilishane fedha mwepuke, maana biashara hiyo yakiuka sheria, na noti bandia hazikosi. Kadi ikikatwa zaidi ya hesabu, iarifu benki yako mara moja.