Nyumbu wa Serengeti na Swali la Muumba

Ndugu msomaji, vijana wengi wasomapo sayansi huingiwa na shaka: ikiwa kila jambo lina sababu yake, Mungu amebakiwa na kazi gani? Tena wako waumini wanaodhani kwamba kutafuta sababu za maradhi ni upungufu wa imani. Wote wawili wamekosea. Natutazame mfano wa mkoani Mara.

Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki. Ng'ombe waliangamia makundi kwa makundi, na pamoja nao nyati na nyumbu. Wafugaji wakabaki mikono mitupu, njaa ikafuata. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba wanyama wa porini ndio wanaoutunza ugonjwa huo na kuwaambukiza ng'ombe. Kisha ng'ombe wa sehemu zinazoizunguka Serengeti wakachanjwa. Nyumbu hawakuchanjwa, lakini mapema katika miaka ya 1960 sotoka ikatoweka kwao pia! Ikadhihirika kwamba ng'ombe ndio waliokuwa wakiwaambukiza nyumbu.

Nyumbu waliokadiriwa kuwa kiasi cha 250,000 mwaka 1961 wakazidi 1,000,000 katika miaka ya 1970. Walipokula majani mengi zaidi, mioto ya nyika ilipungua, na miche ya miti ikapata kukua. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetokomezwa duniani kote.

Hapa tunapata mafunzo matatu.

Kwanza, kutafuta dawa ni kutii. Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.) alifundisha kwamba Mungu hakuleta ugonjwa bila kuuletea dawa. Basi mfugaji wa Tarime anayechanja ng'ombe wake na kuomba dua hafanyi mambo mawili yanayopingana. Anakitafuta kilichowekwa, na anamwomba Aliyekiweka.

Pili, kuijua sababu si kumwondoa Msababishaji. Chanjo ya ng'ombe, uzima wa nyumbu, kupungua kwa moto, kukua kwa mti: mnyororo huu haukubuniwa na mtaalamu yeyote. Aliukuta. Sayansi yaeleza jinsi pete zake zinavyoshikana. Lakini kwa nini upo utaratibu badala ya vurugu, darubini haijibu. Labda utauliza: je, sotoka yenyewe si kasoro? Fikiri tena. Kanuni zilezile zilizouwezesha ugonjwa kuenea ndizo zilizoiwezesha chanjo kuuzuia. Pasingekuwa na kanuni, pasingekuwa na chanjo. Sura Al-Mulk humwita mwanadamu atazame maumbile, kisha arudie kutazama, kama ataona kasoro. Profesa Abdus Salam, Mwahmadiyya kutoka Pakistan, alizikumbusha aya hizo katika karamu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1979, aliposhiriki tuzo ya fizikia.

Tatu, maumbile hutufikisha mlangoni tu. Hutuambia kwamba inapasa awepo Muumba. Kufikia yakini kwamba Yupo, anasikia na anajibu, kunahitaji njia nyingine: ufunuo, na dua ya moyo mnyofu. Kama vile hakuna aijuaye chanjo bila kuijaribu, ndivyo hakuna amjuaye Mungu kwa kubishana tu.

Basi, ndugu, unapowaona nyumbu wakiuvuka Mto Mara, uliza jinsi walivyorudi kuwa wengi, wala usiogope jibu. Kisha usiku, watu wakiwa wamelala, simama umwulize Mwenye nyumbu. Mwenyezi Mungu atujalie elimu isiyo na kiburi na imani isiyo na hofu. Amin.