Mazoezi ya Mont Ventoux: nichague matukio yapi?

SWALI: Naishi Leicester, Uingereza. Septemba nitapanda Mont Ventoux, Ufaransa, kwa baiskeli. Huku matukio ya baiskeli ya kulipia hayaishi. Nijiandikishe yapi?

JIBU: Ndugu yangu, usichague kwa wingi wa kilomita, wala kwa medali. Tazama kupanda kwenyewe. Kutoka Bédoin hadi kileleni, mita 1,910, ni kilomita 21, na unapanda takriban mita 1,600. Ukishapita Saint-Estève unaingia msituni, na hadi Chalet Reynard mwinuko ni karibu asilimia 9, hauna huruma.

Vilima vya Uingereza ni vifupi na vikali. Tukio la Fred Whitton, la mwezi Mei, lina kilima cha Hardknott, kinachofika asilimia 30 hivi. Kilima hicho kitakuchoma mapaja, lakini kitakwisha upesi. Ventoux itakudai saa mbili. Kwa maoni yangu Dragon Ride ya Wales, Juni, inakufaa zaidi: kilima chake cha Rhigos kinakulazimu ukae kwenye siti na kukanyaga pedali kwa mwendo mmoja. Hiyo moja yatosha, maana ada si ndogo. Wiki nyingine, rudiarudia kilima cha karibu na kwako.

Siku yenyewe ya Ventoux usiwafukuze wanaokupita mwanzoni. Kula kabla njaa haijabisha hodi. Gia ya nyuma yenye meno 34 ifunge na kuijaribu huko Wales, si Ufaransa. Na koti la upepo usiliache: juu kwenye mawe meupe hakuna mti wa kukukinga.